Namba Tisa Ameshavuka Barabara

Huwa nakasirika nikimsikia kijana akisema kwamba kuita usafiri kwa simu ni jambo lililozaliwa juzi. Binti yangu hunionyesha kwenye simu yake kichoro cha pikipiki kikitambaa juu ya ramani. "Mama, ona, dakika nne tu." Namwambia hongera. Simwambii kwamba sisi, kule Kisumu, katikati ya miaka ya tisini, tuliita baiskeli kwa simu, tukajua anayekuja ni nani, anatoka wapi na atafika saa ngapi, na hatukuwa na kompyuta hata moja. Tulikuwa na kibanda cha simu cha barabarani, ubao mweusi, chaki na mimi. Simwambii kwa sababu akiniuliza mambo yaliishaje, itabidi nijibu.

Nyalenda na Milimani zimetenganishwa na barabara moja tu, Ring Road. Upande wetu ni nyumba za udongo na mabati zilizobanana, mitaro isiyoelekea popote na foleni ya mitungi kwenye bomba tangu alfajiri. Upande wa pili ni nyua za michongoma, mageti ya chuma, miti mikubwa na mbwa wanaokula vizuri kuliko mimi nilivyokula wakati ule. Kila asubuhi nusu ya Nyalenda ilivuka barabara kwenda kufua, kupika na kulinda Milimani, na kila jioni ikarudi. Wote kwa miguu. Hakukuwa na gari la abiria lililopanda kule, kwani nani angelipanda? Wenye nyumba walikuwa na magari yao. Ila mwenye nyumba akishaondoka na gari lake kwenda kazini, mkewe, watoto na wafanyakazi walibaki wamefungiwa pale kama kisiwani.

Ndipo zikaja baiskeli. Zilianzia huko mpakani Busia, wanasema, zikashuka taratibu hadi kwetu. Kiwanda cha nguo kilikuwa kinapunguza watu, na ziwa nalo lilikuwa limeanza kuzibwa na magugu ya kijani yenye maua mazuri ya zambarau, mazuri ya bure, kwani mtumbwi haukuweza kupita ndani yake. Aliyekosa kiwanda na aliyekosa ziwa walikutana kwenye baiskeli. Walifunga kiti cha sponji nyuma, wakakishonea nyuzi za rangi zinazoning'inia, wakangoja abiria kwenye kona ya Ring Road, hatua chache kutoka kwenye kibanda cha simu. Mimi nilikuwa hapo kando nikiuza chai na mandazi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikasomea kupiga taipu, nikakosa taipu ya kupiga.

Aliyebuni mambo yote alikuwa mzee mmoja, fundi wa simu. Alikuwa amepanda nguzo na kuunganisha nyaya kwa zaidi ya miaka ishirini, kisha zikaletwa mashine mpya za dijitali, zile zinazojiunganisha zenyewe, na watu kama yeye wakaambiwa asanteni, nendeni nyumbani. Alirudi Nyalenda na sanduku la vifaa na hasira za kutosha mtaa mzima. Alikuwa akija kunywa chai kwangu huku akikitazama kile kibanda.

Siku moja alinyanyuka bila kuaga, akaenda kwenye duka lililokuwa na simu ng'ambo ya barabara. Mara simu ya kibandani ikalia. Vijana wa baiskeli walirudi nyuma hatua mbili. Hakuna aliyewahi kuisikia ikilia. Kwetu simu ya barabarani ilikuwa kitu cha kupigia, si cha kupigiwa. Mmoja alisema labda ni polisi. Mimi ndiye niliyeinua mkono wa simu, nikasikia sauti ya mzee akicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Nyathina, mtoto wangu, hiyo simu iko na namba kama simu ya mkubwa yeyote. Ni vile tu hakuna mtu hupigia yeye."

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa simu. Mzee alisema nina sauti ya ofisini. Kila baiskeli ilipewa namba, moja hadi ishirini na nne, ikapakwa rangi nyeupe kwenye bango la nyuma. Kila nyumba ya Milimani ikapewa namba yake pia, na wafanyakazi wa ndani wakapeleka vikaratasi vyenye namba ya kibanda kwa mabibi zao. Ubao niliuegemeza kwenye meza yangu ya mandazi. Upande wa kushoto niliandika nyumba, katikati baiskeli, kulia saa. Akirudi, nafuta. Mtu akipiga kutoka nyumba namba kumi na saba anataka nyanya na samaki wawili wabichi, ngege, kutoka ufukweni, naangalia nani yuko karibu, namtuma. Mtoto anatakiwa kuchukuliwa shule, namtuma mwenye umri mkubwa. Bibi mnene wa nyumba ya tatu namtumia mwenye mapaja. Tulicheka sana. Nasema haya ili ijulikane kwamba kwa miezi kadhaa tulikuwa na kitu kizuri, na tulikijua kuwa kizuri.

Mzee aliweka sheria moja tu. "Usiseme hakuna. Ukisema hakuna mara moja, huyo mtu hapigi tena. Sema iko njiani."

Haikuwa sheria ngumu. Kwetu maneno hayo hayahesabiki kuwa uongo, ni adabu. Mtu anayefunga kamba za viatu nyumbani kwake hukuambia ameshafika kona, nawe unafurahi, unaweka chai motoni, unajua moyoni kwamba utaongeza nusu saa. Kumwambia mtu bado sijatoka ni kama kumwambia sikujali. Basi baiskeli zote zikiwa mbali nilisema iko njiani. Wakipiga mara ya pili nilisema ameshavuka barabara. Nilijifunza hata kuitaja namba, "namba sita ameshavuka barabara," kwani mtu akipewa namba huamini zaidi. Mzee alinisifu kwa hilo.

Nilikuwa na dada. Alinizidi miaka sita, na mama alipougua ni yeye aliyeacha shule ili mimi nibaki. Alifanya kazi ya kupika Milimani, nyumba namba ishirini na mbili, kwa familia ya Wahindi wenye duka la vitambaa mjini. Mumewe alikuwa Mombasa, akija mara mbili kwa mwaka. Dada alikuwa ameshapoteza mimba mbili. Kwa mwanamke wa kwetu, mwenye miaka thelathini na minne, hilo lilikuwa jambo la watu kunyamaza anapoingia chumbani. Sasa alikuwa na ya tatu, na hii ilikuwa imekaa. Ilipita miezi mitatu, ikapita mitano, ikafika saba. Alianza kutembea kama mtu aliyebeba beseni la maji lililojaa hadi ukingoni.

Kliniki walimwambia wazi: ukiona damu, hata tone, usingoje, njoo hospitali saa hiyo hiyo. Tukapanga. Angepiga simu kibandani, nami ningemtuma namba tisa.

Namba tisa alikuwa mtu wa pande za Bondo. Alikuwa mvuvi kabla ya magugu. Alikuwa na umri wa kukaribia arobaini, mpole hadi wenzake walimtania kwamba anaendesha baiskeli kama anayeogopa kuiamsha. Alilijua kila shimo la Ring Road na kulizunguka. Dada alishapanda kwake mara nyingi akienda kliniki, akikaa upande, mkono mmoja kwenye kiti na mmoja tumboni. Alimwamini. Aliniambia, "Nyamera, siku hiyo nisiletewe mwingine." Nyamera maana yake ni dada yangu, ndivyo tulivyoitana wote wawili.

Miaka ile tulizika sana. Kulikuwa na ule ugonjwa ambao hatukuutaja, na wale ambao haukuwachukua ilionekana wanachukuliwa na malori. Namba kumi na tano aligongwa na lori la mchanga siku ya Jumatatu. Ijumaa mwili wake ulikuwa unatoka mochari kwenda kwao, ng'ambo ya Bondo.

Waendesha baiskeli walikuwa na desturi yao. Mwenzao akifa, wote wanamsindikiza. Wanafunga matawi mabichi kwenye usukani, wanatangulia mbele ya gari la maiti wakipiga kengele na kupiga kelele, wanakifukuza kifo nje ya mji kama wazee wetu walivyokifukuza kwa ng'ombe na mikuki. Wanakwenda hadi Kisian, barabara ya Bondo inapochepuka, ndipo wanageuka. Na wanakwenda wote. Anayebaki nyuma akitafuta abiria wakati mwenzake anasindikizwa, kile kifo kinarudi na kumtafuta yeye. Waliamini hivyo hata wale waliokuwa mashemasi kanisani. Mimi pia niliamini, nisijifanye.

Ijumaa hiyo waliondoka asubuhi mapema, ishirini na watatu, na mzee amepakiwa nyuma ya namba mbili. Aliniambia, "Saa nne tutakuwa hapa. Wakipiga, sema zinakuja." Nikabaki na ubao uliofutwa safi, simu na sufuria ya chai.

Saa nne kasorobo simu ililia. Ilikuwa dada.

"Nyamera. Ni ile mambo."

Hakutaja damu. Kwetu mtu hasemi hivyo kwenye simu, tena simu ya mwajiri. Wenye nyumba walikuwa wamekwenda harusini Nairobi, na gari lao, na dada alikuwa peke yake mle ndani. Lakini nilielewa.

"Namba tisa anakuja," nikasema.

"Ni yeye mwenyewe?"

"Ni yeye."

Nikaandika ubaoni: ishirini na mbili, tisa, saa nne kasorobo. Niliandika kabisa. Nilijiambia kwamba si uongo, imebaki robo saa tu, wataingia kwa vumbi na kengele zao, na wa kwanza nitakayemgeuza ni yeye. Nilisimama barabarani nikiangalia upande wa mjini. Nilichokuwa sijui ni kwamba kule mochari ndugu za marehemu walikuwa wanagombana kuhusu azikwe kwa nani, na kwamba mwili ulikuwa bado haujatoka hata mlangoni.

Saa nne ikafika. Nikapungia gari moja mkono, likapita. Nikainua mkono kwa jingine, la pikapu, na dereva alikuwa ameanza kupunguza mwendo simu ilipolia nyuma yangu. Nikakimbia kuipokea nikidhani ni dada. Ilikuwa nyumba namba kumi na saba, wanataka nyanya. Niliwaambia ziko njiani. Nilipogeuka, pikapu lilikuwa limeshaondoka.

Watu wengi wamepita maishani mwangu wakiniita mwerevu. Ningewaonyesha ile asubuhi. Kutoka kibandani hadi nyumba ya ishirini na mbili ni mwendo wa robo saa kwa miguu, dakika saba ukikimbia. Sikukimbia. Nilijiambia nikiiacha simu naye akapiga, atakosa mtu wa kumjibu. Niliilinda simu badala ya kumlinda dada yangu. Sina namna nyingine ya kuliweka.

Saa nne na nusu alipiga tena. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Bado?"

Hapa ndipo penyewe. Ningeweza kusema: nyamera, hakuna baiskeli hata moja, wote wamekwenda kusindikiza maiti, piga hodi nyumba ya pili, wana gari, waombe. Maneno machache tu, yangemaliza pumzi moja. Lakini mdomo ulikuwa umezoea. Miezi yote ile ulikuwa umesema jambo moja kwa kila anayepiga mara ya pili, na ukalisema tena bila kuniuliza.

"Namba tisa ameshavuka barabara. Toka nje ukae getini, akukute hapo."

"Haya," akasema. "Asante, nyamera."

Hakupiga tena. Angepigaje, nami nimemtoa nje, mbali na simu? Lakini wakati ule sikulifikiria hilo. Simu ilinyamaza, nami nilifurahi kwamba imenyamaza. Nikadhani amepata msaada. Nikamwuzia mtu mandazi mawili.

Walirudi saa sita imepita. Walikuja wamechoka, vumbi hadi kwenye kope, matawi yamenyauka kwenye usukani. Nilimpigia kelele namba tisa kabla hajashuka. Nilimwambia nyumba tu, ishirini na mbili, dada, na aliugeuza usukani bila swali. Kwa mara ya kwanza nilimwona akiendesha kwa kasi. Mimi nilikimbia nyuma yake, sasa miguu ilikuwa imekumbuka kazi yake.

Getini hakukuwa na mtu. Mlinzi wa nyumba ya jirani alikuwa anamwaga maji kwa ndoo na kusugua chini kwa ufagio. Alinijua. Aliuegemeza ufagio ukutani, akanieleza polepole, kama mtu anayetoa ushahidi.

Alisema dada alitoka akatandika leso juu ya jiwe, akakaa. Alikuwa akiangalia barabara. Baada ya muda gari la jirani lilitoka, dereva akamwona vile alivyoinama, akasimama, akamfungulia mlango. Akamwambia mama, ingia nikupeleke hospitali.

"Akakataa," mlinzi alisema. "Akasema kuna mtu ameshatumwa. Ati ameshavuka barabara. Akikuja akose yeye atajisikia vibaya, ametoka mbali bure. Dereva akauliza, uko sure? Akasema, ni dada yangu mwenyewe ameniambia."

Gari likaenda. Dada akaendelea kungoja. Alipoanguka kutoka kwenye jiwe, mlinzi alimweka kwenye toroli ya kubebea mchanga, akamsukuma mwenyewe hadi Ring Road, lakini upande wa chini, si upande wa kibanda. Gari la mikate likamchukua.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alizaliwa ameshakufa. Wauguzi walisema amekamilika, kucha na nywele. Walisema mengine pia, kwamba wamefanya kila waliloweza kuokoa maisha ya mama, na kwamba katika kuyaokoa wamelazimika kutoa kilichotolewa. Dada hangezaa tena.

Nilimkuta amelala kwa upande, macho yamefunguka. Nilikuwa nimebeba chupa ya chai. Sijui kwa nini nilipita kuchukua chai. Aliniangalia, akauliza jambo moja tu.

"Namba tisa alienda wapi?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilikuwa nataka kusema. Nilikuwa na neno la kwanza kabisa, nilikuwa na "nyamera" tayari ulimini. Na nyuma yangu mtu akavua kofia, akasema kabla yangu.

"Mama, ni mimi nilichelewa. Sista yako aliniita mapema kabisa, mimi ndio nikakaa. Nisamehe."

Namba tisa alikuwa amenifuata hospitali na baiskeli yake. Alikuwa na jani moja kavu bado limenasa kwenye shati. Dada alimtazama, na uso wake, uliokuwa mtupu tangu niingie, ukapata kitu cha kushika.

"Toka," akasema.

Akatoka. Nikamfuata kwenye korido, nikamshika mkono wa shati, nikamwuliza kwa nini. Alikuwa anazungusha kofia mikononi.

"Nani ataosha yeye? Nani atapikia yeye?" akasema. "Si ni wewe? Mama yenu ni mgonjwa, bwana yake yuko Mombasa. Sasa akichukia wewe atabaki na nani? Mimi siko mtu wake. Mimi anaweza kuchukia."

Mlango wa wodi ulikuwa wazi. Zilikuwa hatua sita hivi hadi kitandani. Ningerudi, ningesema, na lingekwisha siku ile ile, vibaya au vizuri. Badala yake nilimwambia, "Ero kamano." Nilimshukuru. Nilimshukuru kwa lugha ya mama yangu, tena kwa moyo, kwa sababu nilihisi mzigo umetuliwa, na mtu aliyetuliwa mzigo haangalii umewekwa kichwani kwa nani.

Vijana wote pale kituoni walijua ukweli. Walikuwa Kisian pamoja naye, wangekosaje kujua? Mzee alijua. Hakuna aliyesema. Sheria ya iko njiani ilikuwa ya wote, na kila mmoja wao alikuwa ameshatajwa namba akiwa hayupo. Wiki iliyofuata mama alijikokota hadi kwenye kona akiwa na shangazi zangu wawili. Walimsimamisha namba tisa mbele ya watu wakamlaani, yeye na uzao wake, kwa maneno ambayo kwetu mtu hayarudishi. Alisimama ameinamisha kichwa kama anayenyeshewa. Mimi nilikuwa mita chache tu, nikikoroga chai. Dada alikuwa amesema hataki kuiona hiyo namba ikipita mbele ya macho yake, basi mzee akaifuta kwenye orodha kwa kiganja. Alipomaliza aliniangalia, akapangusa chaki kwenye suruali.

Namba tisa alihamia mtaa wa Kondele kwa muda, nasikia hakupata wateja, watu walikuwa wameshaambiwa habari zake. Akarudi kwao ziwani, kwenye magugu.

Kibanda hakikudumu. Siku moja tulikuta waya umekatwa na mkono wa simu umenyofolewa, na hata mzee, na sanduku lake lote la vifaa, hakuonyesha hamu ya kuuunganisha. Alisema barabara imeshachoka. Niliendelea na chai. Baadaye nilipata kibanda changu cha chakula, na dada akaja kukaa nami. Mumewe alikuja mara moja, akakaa siku mbili, akarudi Mombasa na hakuja tena.

Tulikaa pamoja miaka mingi. Nilimwosha, nikampikia, kama nilivyotabiriwa. Alipopata nguvu ni yeye aliyenipikia mimi. Nilipojifungua binti yangu, dada ndiye aliyemlea, akambeba mgongoni hadi mtoto alipokuwa akiburuza miguu. Na kwa kila mgeni aliyeuliza habari zake, hakuchoka kusimulia jinsi mdogo wake alivyompigania siku ile, alivyoita na kuita, alivyomwandika mtu kwenye ubao kwa saa yake kamili, na yule mtu akakaa tu. Alinishika bega aliposimulia. Nilikuwa nikitafuta kitu cha kufanya jikoni.

Mara kadhaa nilijiandaa kumwambia. Nilijiandaa Pasaka moja. Nilijiandaa siku mama alipozikwa. Kila mara niliona kwamba imeshachelewa, na kila mwaka uliopita uliifanya ichelewe zaidi. Sasa dada ametangulia, ndiyo maana naandika. Huo nao ni woga, najua.

Mwisho wa miaka hiyo ya tisini, asubuhi moja, mzee wa simu alipita kwangu. Alikuwa amezeeka ghafla. Tulikuwa tumekaa nje, dada anachagua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo, mimi nakata sukuma wiki. Mzee hakukaa. Alisema ametoka Bondo, na kwamba yule mtu wetu wa namba tisa amefariki. Alikuwa amekonda sana, alisema. Mke alitangulia, na watoto wawili, mmoja baada ya mwingine. Nyumba imebaki wazi, hakuna hata wa kuifunga mlango.

Dada aliacha omena. Midomo yake ilitikisika kidogo kama anayehesabu.

"Mungu amemlipa," akasema. Kisha akanigeukia. "Si amemlipa, nyamera?"

Alikuwa anangoja. Mzee naye alikuwa amesimama pale, kofia mkononi, ananitazama, anangoja pia.

"Ndiyo, nyamera," nikasema. "Amemlipa."